Ukurasa Uliokuwa Chini ya Mota

Nianze na kagari kenyewe, maana nikisema gari, watu wanafikiria lori. Ni kagari ka telekomande, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, magurudumu ya nyuma manene yenye miiba ya raba, ya mbele membamba, na springi nne za kurukia mashimo. Ni ka mashindano, si ka kuchezea kwenye zulia. Kalifika Kamina kwa ndege ya jeshi, ndani ya sanduku la fundi mmoja Mzungu aliyekuwa akifundisha kule base, ambako baba yangu alikuwa askari na fundi wa majenereta. Kila Jumapili mchana Mzungu alikakimbiza kwenye lami ya uwanja wa ndege, na sisi watoto wa kambi tulikafukuza mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na miaka tisa.

Mzungu alipokwenda likizo miezi mitatu, alikaacha kwa baba. Alimwamini baba kuliko wenzake wote, na alikuwa amemwahidi kwamba akirudi angempeleka Lubumbashi kwa mafunzo ya mwaka mzima. Baba alikapandisha juu ya kabati. Kila mwezi alichaji betri yake kwa umeme wa base, kama alivyoelekezwa, kisha akakarudisha mahali pake. Alituita mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na tano. "Hii si yetu," alisema. "Ule atakagusa, tutaonana."

Basi, mimi nilikagusa. Sikatai. Jumapili moja wote walikwenda misa, mimi nikasingizia tumbo. Nilipanda kiti, nikakashusha, nikakakimbiza nyuma ya nyumba kwenye mchanga mwekundu, labda robo saa. Yo! Kalikimbia mpaka kuku wa jirani wakahama. Nikakafuta kwa shati langu, nikakarudisha juu ya kabati. Kalikuwa kazima kabisa nilipokarudisha.

Wiki tatu baadaye Mzungu akarudi. Akakaweka chini mbele ya baba na wanafunzi wengine, akabonyeza. Magurudumu yalizunguka nusu, yakasimama, moshi ukatoka tumboni na harufu ya kuungua ikajaa pale. Mzungu hakupiga kelele. Aliinua mabega, akasema mota imeungua, akamwachia baba kagari pamoja na telekomande yake, kama unavyomwachia mtu mfupa. Lubumbashi akaenda mwingine.

Jirani mmoja mama alikuwa ameniona ile Jumapili. Nilikubali kwamba nilikachezesha, nikakataa kwamba nilikaharibu. "Weye njo ulikaunguza!" baba alisema, na mkanda ukafanya kazi yake. Mkanda si kitu, mkanda unapona. Kilichoniuma ni kilichofuata. Tangu siku ile baba hakuniomba tena nimshikie hata tochi. Akitengeneza kitu, aliita yaya. Nikisogea, alisema, "Toka, mukono yako iko ya kuvunja." Nilikua, nikawa fundi wa redio, simu na mitambo ya jua, nina meza yangu karibu na stesheni, na watu wananiletea kazi mpaka kutoka Kinkondja. Redio ya baba ilipoharibika, alipita mbele ya meza yangu ameibeba kwapani, akaipeleka kwa fundi mwingine sokoni. Alinisalimia vizuri tu.

Ubaya ni kwamba hata mimi niliishia kuamini. Nilijiambia ni ule mchanga mwekundu, umeingia kwenye mota, ukakaa humo wiki tatu ukiisubiri. Mtu ukiambiwa jambo miaka arobaini, unajitafutia na sababu zake.

Mwaka juzi baba akalala na hakuinuka. Kwetu mzazi anayekwenda huwaita watoto wake, kila mmoja anasema lililo moyoni, kisha mzazi anampaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi. Huo ndio urithi wenyewe, mbuzi na mashamba ni nyongeza. Lakini anayeficha kosa, pemba haimshiki, na mambo yake yatakwenda upande mpaka kufa. Yaya alinifuata mezani kwangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mudogo," akasema, "enda uombe musamaha ya kale kagari."

"Yaya, ata minyi mwenyewe sijui kama njo minyi."

"Kubali tu. Ni neno moja. Baba apumuzike."

Nilikwenda. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mama ameshika sahani ya pemba, yaya amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Baba, kagari, ni minyi nilikaunguza. Munisamehe." Baba alinitazama sana. Kisha akachovya kidole, akanipaka paji la uso, mkono wa kuume, mkono wa kushoto. Yaya aliniwekea mkono begani. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Siku mbili sikunawa uso, wateja wakanicheka, nikawaacha wacheke. Baba alikufa wiki ile ile, na mimi nilimzika nikiwa mtu mwenye furaha. Fikiria ujinga huo.

Mwaka huu familia ikapanga siku ya kuondoa matanga. Nikasema, nitamletea baba zawadi. Nitakafufua kagari, kakimbie uani mbele ya watu wote, waone kwamba mkono huu si wa kuvunja. Mama alikuwa amekahifadhi kwenye gunia, pamoja na telekomande yake.

Kazi ilinichukua majuma sita, na nilikuwa na raha. Bodi ilikuwa imepasuka sehemu tatu, nikaiunga kwa ndani kwa vipande vya plastiki ya ndoo. Miiba ya matairi ilikatika kila nilipoigusa, raba imekuwa biskuti, basi nikakata tyubu ya pikipiki, nikaifunga tabaka tatu na gundi. Chumvi ya kijani kwenye vyuma vya betri niliitoa kwa ndimu. Ule mkono wa shaba unaoongeza na kupunguza mwendo niliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Nilipounganisha betri, usukani ukageuka kulia, kushoto, kulia! Redio ya zamani namna ile, na bado inasikia! Nilicheka peke yangu, jirani yangu muuza mkate akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Mota niliiacha ya mwisho. Nilikuwa naogopa kuliangalia kosa langu. Asubuhi moja nikajikaza, nikafungua skrubu nne za nyuma, nikavuta.

Haikuwa mota ya kagari. Ilikuwa mota ya redio kaseti, ndogo, ile ya kuzungusha mkanda. Mimi nimezitoa mamia, naijua hata gizani. Haiwezi kusukuma gari la mashindano hata hatua mbili, itaungua tu. Na kwa kuwa ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake, aliyeiweka alikuwa ameikaza kwa karatasi iliyokunjwa mara nane. Nikaikunjua polepole. Ukurasa wa daftari. Sinus, kosinus, pembetatu zilizochorwa kwa rula, na alama nyekundu ya mwalimu. Nyumbani kwetu wakati ule mimi nilikuwa bado najumlisha vijiti. Aliyesoma sekondari alikuwa mtu mmoja tu, na mwandiko wake naujua, ndio huo huo anaandikia barua za ofisini mpaka leo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, siku ile ndipo liliponiuma. Na wanasema mkubwa ni jalala, taka zote humwangukia yeye. Kwetu sivyo. Kwetu walimtupia taka mdogo, wakamwambia anuke vizuri.

Sikwenda kwa yaya mara moja. Hasira ilinishika, nikaamua nimalize kazi kwanza. Nilikuwa na perseze, ile mashine ya kutobolea, ambayo betri yake ilikufa, lakini mota yake ilikuwa nzima, na vipimo vilikaribiana. Mchana kagari kakakimbia mbele ya meza yangu, mapikipiki yakasimama kukatazama. Nikaweka ule ukurasa chini ya bodi, nikaenda kwa mama, ambako yaya alikuwa uani akipanga viti vya matanga.

Nilisimama langoni nikakatuma mpaka miguuni pake.

"Mudogo!" Alipiga makofi, uso wote umefunguka. "Katembea! Aka, weye uko fundi ya kweli!"

"Fungula bodi, yaya."

Aliinama, akafungua, akaona karatasi. Hakuikunjua. Aliketi kwenye kiti kimoja cha plastiki, ameishika tu.

Alinieleza. Mota ya kweli alimpa mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa kambini, kwa viatu vya kandanda, wiki ile kabla Mzungu hajarudi. Nikamwambia, sawa, ulikuwa mtoto, uliogopa mkanda. Lakini juzi, yaya? Uliponiketia mezani kwangu? Uliniacha nipige magoti mbele ya baba, na mkono ukaniwekea begani, na unajua?

"Baba alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Yote. Nilimuambia siku ile ile ya moshi. Akasema, kama ni weye, ni muchezo wa mutoto. Kama ni minyi, ni wizi, na bakubwa ba jeshi batatufukuza mu kampi. Akaniambia ninyamaze." Alikunja ule ukurasa tena, mara mbili, mara nne. "Na ile ya pemba, ni yeye njo alinituma kwako. Aliogopa kufa na ile neno kama haiyafungwa. Akasema, mudogo akikubali, itaisha."

Kwa hiyo mkanda ule ulikuwa maonyesho kwa majirani. Na redio ile kwapani, mbele ya meza yangu? Kwa ajili ya nani? Kambi tulikwisha kuhama miaka mingi. Nafikiri hakuweza tena kunitazama nikishika kitu kilichovunjika. Lakini hayo nayafikiri leo. Siku ile nilitaka tu kumfukua nimuulize.

Mama alitoka jikoni, akatuita kula. Alikaona kagari chini, akaiona karatasi mkononi mwa yaya, na hakuuliza ni karatasi gani. Hapo nikajua kwamba naye alijua.

"Mama," nikasema, "ulishika ile sahani."

Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kila kidole. "Ulikuwa mudogo, mwanangu," akasema. "Makosa ya mudogo inasamehewa mbio."

"Miaka makumi ine, mama. Nani alinisamehe?"

Tuliketi watatu, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na viti vilikuwa pale. Akatenga bukari, ugali wetu, akanisogezea kwanza mimi bakuli la samaki. Nikamwambia nimeshiba, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.