Mazingaombwe ya Ijumaa

Kuna harufu moja ambayo kila nikikutana nayo hunirudisha nyuma bila kuniuliza kama nina nafasi. Ni harufu ya udongo wa msituni uliochanganywa na samadi, ukajazwa kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, kisha ukamwagiwa maji kwa mara ya kwanza. Si harufu nzuri sana, nisiwadanganye. Ina zizi la ng'ombe ndani yake, na majani yaliyooza, na ukiinama karibu inakuwasha pua. Lakini mimi nikiinusa naiona shule yetu juu ya kilima kule Kilolo, ukungu umekalia mabati, na Bibi yangu anapanda njia na mwavuli wake wa kanisani, amekuja kunitoa kwenye mazingaombwe.

Juzi harufu hiyo ilinikuta kazini. Siku hizi ninaendesha kipindi cha ziada cha maadili na mazingira katika shule za msingi za serikali, nyingi za hapa Mbeya na chache za Iringa. Kwa kuwa hatumo kwenye mtihani, walimu wakuu hutupa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, saa ambayo tumbo la mtoto limeshatangulia nyumbani. Tulikuwa tunajaza viriba nyuma ya darasa na watoto wa darasa la pili, katika shule moja ya mlimani nje ya jiji, binti mmoja mwenye tope hadi kwenye viwiko akaniuliza, "Madamu, hii ndo mazingaombwe yenyewe?" Wenzake wakamcheka. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na wao wakanyamaza wakidhani nimeugua.

Ngoja niwaeleze kwa nini nilicheka hivyo.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa kwenye machimbo ya Makongolosi wakihangaika na dhahabu, na walipokuja nyumbani walikuja na sukari, vitenge na haraka ya kurudi. Nyumbani tuliongea Kihehe. Kiswahili tulikiacha shuleni pamoja na madawati, tukakikuta hapo hapo kesho yake. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiswahili niliyajua kwa matumizi yake ya shuleni tu. Kile kipande cha uwanja ambacho kila mtoto alikifagia asubuhi, kwa mfano, kiliitwa namba. Ukichelewa kufagia namba yako ulichapwa. Hakuna aliyekiita mazingira, na neno hilo mimi sikuwa nalo kabisa.

Mazingaombwe ndiyo niliyoyajua. Muhula uliotangulia alikuja bwana mmoja mwenye suti ya kung'aa na sanduku. Akajichomoa utepe mrefu mdomoni, akatoa yai kwenye sikio la mwalimu wa zamu, na watoto wa darasa la kwanza wakakimbilia mlangoni wakilia. Niliposimulia nyumbani, Bibi alisema yule ni shetani aliyepata fundi cherehani mzuri. Bibi alikuwa Mlutheri wa kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kilemba. Aliimba kwaya sauti ya chini, nzito, ambayo hata wanaume wa besi waliiogopa.

Basi siku moja mstarini mwalimu mkuu akatangaza kwamba kuanzia Ijumaa atakuja mwalimu mgeni kutufundisha maadili na mazi... Upepo wa kilima kile ukachukua neno lililobaki. Mimi niliyekuwa nyuma nikalimalizia mwenyewe, kwa furaha kubwa iliyochanganyika na woga.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mwalimu Sekela, binti wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, mrefu, mwenye kicheko cha karibu. Sanduku hakuwa nalo. Alikuwa na beseni la miche midogo ya mivengi, ule mti wetu wa mabondeni wenye matunda ya zambarau yanayochafua midomo. Kwanza alituambia tukae wima, tufumbe macho, tunyamaze na tusikilize. Halafu kila mmoja aseme alichosikia. Jamani, sikuwahi kunyamazishwa namna ile, bila fimbo. Nilisikia kuku wa nyumba ya mwalimu. Nilisikia bati likilia kwa jua. Nilisikia kitu kinapumua, kumbe ni mimi mwenyewe. Nikajua mazingaombwe yameanza.

Baadaye tukatoka nje, tukajaza viriba, na kila mtoto akapewa mche wake. Mwalimu Sekela akatuambia, "Huyo ndani ya mfuko ni mgeni wako. Usimlaze na kiu." Nguo zangu zote zilikuwa zimevaliwa na binamu zangu kabla yangu, na hata kitandani nililala na Bibi. Mche ule wenye majani manne ulikuwa kitu cha kwanza duniani kuitwa changu. Niliupenda papo hapo, mapenzi ya kijinga kabisa.

Jioni hiyo jikoni nikamweleza Bibi habari njema.

"Bibi, leo tumefundishwa mazingaombwe."

Mwiko ukasimama ndani ya ugali. "Na nani?"

"Mwalimu mgeni. Katufumbisha macho, halafu tukasikia vitu."

"Vitu gani?"

"Sauti. Na kitu kinapumua. Halafu katupa udongo wa msituni kwenye mfuko mweusi. Ndani kuna mgeni. Ukimlaza na kiu hataki."

Mkinisoma hivi mnaona wenyewe nilivyojichimbia. Bibi hakupiga kelele. Aliniwekea mkono kichwani, mkono wenye unga, akaniombea kwa Kihehe maombi marefu hadi ugali ukaungua. Kisha akatoa amri: mfuko ule nisiuguse tena, na Ijumaa kipindi hicho kikianza nichukue daftari zangu nije nyumbani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila siku saa ya mapumziko wenzangu walikimbilia viriba vyao na makopo ya maji, mimi nikasimama kando mikono nyuma. Udongo wangu ulianza kupauka, kisha ukapasuka, na majani yangu manne yakalegea. Nililia nyuma ya choo ili nisionekane. Nilimpenda Bibi na niliogopa moto wa milele, lakini mgeni wangu alikuwa anakufa na mimi ninamwona.

Ijumaa ilipofika sikutoka. Nilijiambia nitafumba macho kidogo tu, nisikilize mara ya mwisho, halafu niende. Mwalimu Sekela akatuambia tukae wima. Darasa likatulia. Na katika utulivu ule, nikasikia gambuti za Bibi, vile viatu vyake vya mpira vya shambani, zikipanda changarawe. Moja ilikuwa na soli iliyoachia, ikawa inasema pwa, pwa, pwa. Ningezitambua gambuti zile popote. Zikafika mlangoni, zikasimama.

Nikazidi kufumba macho. Nikangojea mwavuli utue mgongoni kwangu. Haukutua. Nikangoja tena, mpaka nikashindwa, nikafungua jicho moja.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini, mwavuli kwapani, ameinamisha kichwa na kufumba macho. Alikuja kupambana na shetani, akakuta watu wamefumba macho kimya, na yeye tangu ubatizo wake hajawahi kukatiza watu wanaosali. Alijiunga nao. Na Mwalimu Sekela alipogonga meza taratibu kuonyesha kwamba muda umekwisha, Bibi akaitikia kwa sauti yake yote ya kwaya, "Aaamina!"

Darasa likalipuka. Kuna mtoto aliyeanguka kwenye dawati kwa kicheko. Mimi niliomba ardhi inimeze, na nilimwona Bibi akitazama huku na huku, mkono umeshika kilemba, haelewi amekosea wapi. Hapo ndipo Mwalimu Sekela alipofanya kitu ambacho nimekitafakari maisha yangu yote. Hakucheka. Hakuna jino lake hata moja lililoonekana. Akainama kidogo kwa heshima akasema, "Amina, mama. Kamwene."

Kusikia salamu ya Kihehe kwenye mdomo wa Mnyakyusa, Bibi akalegea mabega. "Kamwene," akajibu.

"Tulikuwa tunasikiliza, na wewe umesikiliza pamoja nasi. Umesikia nini, mama?"

Bibi akanitazama kwa ukali wa kuahidi, akamtazama mwalimu. "Mimi nilikuja na neno langu lingine kabisa, mwalimu. Nimekuja kuchukua mtoto yangu." Akauegemeza mwavuli mlangoni. "Ila kwa vile umeuliza. Nimesikia upepo. Nimesikia hawa watoto wanahema. Maji sijasikia."

"Maji gani?"

"Si ya hapa bondeni? Sisi tukisoma hapa, mwalimu wetu alikuwa anapaza sauti kwa sababu ya hayo maji. Ulikuwa husikii mtu wa dirishani anasema nini." Akageukia dirisha. "Saa hizi kimya. Mi nachota pale kila siku, tena kidumu kinachukua muda kujaa, nalalamika tu. Sijajua kama yamenyamaza."

Hakuna aliyecheka tena. Sote tuligeuka kulisikiliza bonde, na kweli, hapakuwa na kitu.

Lile neno langu la mazingaombwe liliwekwa sawa nje, kwenye viriba. Mwalimu Sekela alipotamka "mazingira" polepole, Bibi alinigeukia, akapiga makofi mara moja, akacheka mpaka akashika ukuta. "We mtoto! Mazingila! Nimeacha maharage motoni kwa ajili ya mazingila!" Kisha akauona mche wangu ulivyolala. "Na wewe huyu mgeni wako mbona unamuua na kiu?" akanigombeza, utafikiri si yeye aliyekataza. Akachukua kopo la mtoto mwingine, akaumwagilia mwenyewe. Harufu ikapanda. Ile harufu.

Mvua za kwanza zilipokuja tulishuka bondeni darasa zima, tukapanda mivengi kuizunguka chemchemi ya maji yale. Wangu haukufa. Ulibaki na majani mawili, lakini ulisimama. Bibi alikuja na jembe lake kutuchimbia mashimo, na kila aliyemuuliza anafanya nini alimjibu kwamba anafanya mazingaombwe. Jina likashika. Kijiji kizima kikakiita kipindi chetu mazingaombwe ya Ijumaa, hata mwenyekiti mkutanoni, naye Mwalimu Sekela akakubali kushindwa.

Mimi nilidhani hadithi imeishia hapo. Ungeniuliza habari za mwaka uliofuata, nilichokumbuka ni kwamba kiangazi kile tulikula ugali na majani ya maboga ya kukausha mpaka nikayachukia, na kwamba Bibi alikuwa akirudi shambani jioni amechoka kuliko zamani, kwa kuwa alilima kipande cha mawe huko juu. Nilinuna. Niliuliza kabichi zetu ziko wapi. Akasema, "Nimechoka kukanyaga matope," nikamwamini, kwa sababu mtoto huamini kwamba wakubwa hufanya wanachotaka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari kwenye kazi hii, nilisimama mbele ya kina mama wa kijiji kimoja cha Iringa kuwaomba waviondoe vinyungu vyao kwenye chanzo cha maji. Vinyungu ni zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi, udongo ukiwa bado na unyevu, na ndizo zinazolisha nyumba wakati ghala limekwisha. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nina picha na maelezo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa upole tu, "Sawa, dada. Na sisi tukishaviacha, kiangazi tutakula nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikaonja majani ya maboga ya kukausha. Nilisimama pale mbele ya watu nikiwa tena na miaka minane. Mivengi yetu tuliipanda kwenye vinyungu vya Bibi. Ardhi ile nyeusi niliyoikanyaga nikiimba na wenzangu ilikuwa kabichi zetu na maharage mabichi yetu. Hakuna mkutano ulioitishwa kumwomba, hakuna mtaalamu aliyemtembelea na picha. Alisimama mlangoni pa darasa akasikia kwamba maji yamenyamaza, akarudi nyumbani akahamisha jembe. Wala hakuniambia, ili nisiache kuufurahia mti wangu. Yule mama nilimwambia ukweli kwamba sijui, nikakaa chini katikati yao, tukaanza mazungumzo upya.

Krismasi iliyopita nilikwenda Kilolo. Bibi ni mzee sasa, macho yake ni mazima lakini masikio yamemwacha, inabidi umkaribie kabisa na upaze sauti. Aliomba nimpeleke bondeni. Nikamshika mkono tukashuka polepole, nikamkalisha kwenye ndoo niliyoigeuza. Mivengi imefunga kivuli, na watoto waliokuja kuchota walikuwa na midomo ya zambarau. Maji hayajarudi kama ya enzi zake, mwalimu hana haja ya kupaza sauti, lakini yapo, yanapita kwenye mawe na yanaongea.

Alitazama muda mrefu jinsi yanavyokwenda. Kisha akaniuliza, "Yanasikika?"

Nikainama sikioni kwake. "Yanasikika, Bibi."

Akainamisha kichwa, akafumba macho. Nikamngoja, huku nikisikiliza kwa niaba yake. Alipomaliza akaitoa, kwa sauti ile ile ya kwaya, kubwa kuliko alivyojua mwenyewe, "Aaamina!" Watoto kule chini wakashtuka, wakaangua kicheko na ndoo zao.

Mimi sikucheka. Niliinama kidogo nikamwitikia, "Amina, mama."