Jumamosi za Minza

Binamu yangu Minza Mayige anafanya kazi kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Anachukua pamba kiganjani, anaivuta kwa vidole, anataja daraja lake, na wenye pamba wanalalamika. Hajali. Alizaliwa Kasoli, malalamiko ya wakulima ameyazoea tangu mgongoni mwa mama yake. Watu wakimuuliza kwa nini alirudi kutoka Ulaya, hujibu, "Baridi." Baridi ilikuwepo kweli, ila siyo iliyomrudisha.

Alikwenda Poland akiwa mwaka wa mwisho chuoni, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kusoma mambo ya nyuzi na vitambaa. Mji wenyewe unaandikwa Lodz na kutamkwa Wuch. Hilo halikumsumbua. Sisi Wasukuma, ambao l na r kwetu ni mtu na nduguye, hatuna ubavu wa kumcheka mtu kwa herufi.

Siku za wiki alikuwa darasani. Jumamosi alipanda tramu, kale katreni ka mjini, mpaka mwisho wa njia, kisha akarudi kwa miguu akitazama mji. Aliona kiwanda kikubwa cha matofali mekundu kilichokuwa kikifuma nguo zamani; sasa ndani wanauza viatu na aiskrimu. Alikasirika peke yake pale mlangoni. Jumamosi nyingine alimwamkia mzee mmoja barabarani kwa kupiga goti kidogo, kama tulivyolelewa. Mzee akadhani binti kadondosha kitu, akainama naye, wakatafuta chini wote wawili.

Kuzurura huko kulikuwa na sababu. Profesa wake alikuwa amempa nafasi ya kubaki aendelee na masomo ya juu, miaka kadhaa, gharama zote juu yao, na alitaka jibu Jumatatu ya mwisho wa muhula. Nyumbani Minza hakusema. Alijiwekea sharti lake: akipata mahali pamoja mjini mle ambapo anaweza kusimama asijione mgeni, atabaki. Asipopapata, atarudi.

Jumamosi ya mwisho alipapata. Tramu ilimshusha pembeni kabisa ya mji, na nyuma ya kituo kulikuwa na uwanja wa majani wenye ng'ombe. Mama mwenye ng'ombe alimwona ameegemea uzio, akamwachia ndoo bila kuuliza kitu, akaelekeza mkono kwenye maji. Minza akanywesha. Harufu ilikuwa ileile ya zizi la kwao. Anasema alifurahi mpaka akaona aibu. Akaamua kubaki.

Vidole vikiwa vimekufa ganzi, akaandika kwenye kundi la ukoo: "Leo nimepata mahari nzuri sana." Kisha simu ikazimika kwa baridi.

Mahari. Msomi wa chuo kikuu, lakini vidole ni vya Kasoli. Na msiniambie kwamba ile "nzuri" ingetushtua. Huku kwetu hata mahali ni nzuri, na hatuoni haya.

Jumapili baada ya misa tulijazana kwa baba mkubwa Mayige, baba yake Minza. Baba yangu, Januarius, ambaye ni mdogo wake, alikuwa ameshapanua zizi kwa maneno. Alisikia ng'ombe wa Ulaya mmoja anajaza ndoo mbili.

"Ila watapitia wapi?" akauliza. "Ndege, au watashushwa njia panda ya Lamadi?"

"Kwanza tujue ni wa ukoo gani huyo mkwe," akasema shangazi Benedikta.

Kwetu mtu akitajiwa ng'ombe uso hufunguka hata akiwa msibani, ila wa baba mkubwa ulizidi kujifunga. Mwishowe akamwambia Paschal, kaka yake Minza, apige simu. Safari hii ikaita. Paschal akaweka sauti kubwa, tukasikia wote.

"Mwadila, mayu," akasalimia baba mkubwa. Mayu ni mama. Ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti anayempenda.

"Mwadila, baba."

"Waambie hao watu ng'ombe zao wabaki nazo. Wakileta hata za kujaza Kasoli yote, sizipokei. Mimi nataka mtoto wangu."

Baba yangu alishika kichwa. Upande wa pili Minza akacheka.

"Baba, ni mahali. Mahali pa kusimama. Hakuna mtu aliyeniposa."

"Mahali tu?"

"Mahali tu. Kuna ng'ombe, nimewanywesha maji."

"Wana afya?"

"Wana afya, baba."

"Haya. Wabeja," akasema baba mkubwa, yaani asante, akamrudishia Paschal simu. Akatoka nje kutazama mifugo yake, na sisi tukamcheka baba yangu mpaka jioni. Hatukujua kwamba binti amedanganya. Haikuwa mahali tu, na mzee alikuwa amepatia: mtoto alikuwa anachukuliwa.

Minza aliniambia mengine mwenyewe, baada ya muda mrefu. Maneno ya baba yake aliyapanga usiku kucha na hayakupangika. Mzee mwenyewe hata jogoo hatoi bila kubishana, na mahari ya dada wawili wa Minza aliipokea akitabasamu; ya Minza tu ndiyo aliyoikataa.

Jumatatu akaenda kwa profesa, akamwambia anashukuru lakini atarudi kwao. Profesa, mtu mwema, akaweka kalamu chini na kuuliza sababu.

"Baba yangu amekataa ng'ombe."

Profesa akauliza kwa upole ni ng'ombe wangapi, na nani aliyewatoa.

"Hakuna aliyetoa," akasema Minza. "Hawakuwepo. Lakini yeye aliwakataa."