Kijiko Kimoja cha Siki

Mke wangu alinipa sharti moja tu siku nilipopata kazi ya kutunza nyumba ya yule mjane wa Kihispania hapa kisiwani Amu. Nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, maana mimi sijui kusimama mahali pamoja tangu utotoni. Akaniambia, "Pua mpe. Ulimi usimpe."

Pua ndiyo iliyonipa kazi. Marehemu baba aliuza udi na mafuta ya manukato, na nilipokuwa mdogo alinifunga macho kwa leso, akinipitishia vichupa puani nimwambie kipi ni kipi. Nikikosea, nilianza upya. Nilichukia, lakini nilijua. Mhispania alipopata habari hizo aliniita kwake mtaa wa Mkomani, akanikalisha chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akanionyesha sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili za divai nyekundu ya kwao.

Haikuwa divai ya kifahari. Mwenyewe alisema kwao watu huinunua dukani pamoja na mkate na vitunguu, wala hawafikirii mara mbili. Marehemu mumewe aliipenda na alishikilia kwamba ikiwekwa itakuwa nzuri zaidi. Kaka wa huyu mama, mpenda vitu ghali, aliwacheka wote wawili. Hiyo inyweni mwaka huu huu, alisema, mkiiweka itakuwa maji ya kuoshea miguu. Mume alikufa ubishi haujaisha. Basi mjane akaamua kuumaliza mwenyewe: chupa moja kila mwaka, ajapo wakati wa kaskazi, mpaka ajue nani alikuwa na haki. Nami nizitunze chini ya ngazi, mahali ukuta ulipo mnene na joto halifiki sana.

Mimi nami nilitoa sharti. Kumimina amimine mwenyewe. Akakubali bila kuuliza. Kila mwaka ikawa hivyo: anamimina, anafunika bilauri kwa kisahani, ananiita. Mimi naweka mikono nyuma, nainama, navuta pumzi mara mbili, nasema nilichokisikia. Anaandika. Kisha anaonja, akinitazama, halafu anaandika tena.

Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Zambarau, Bi. Zambarau zilizopondwa kwenye shati la shule. Na nyuma yake kuna ukali, kama ganda la komamanga."

Akaonja, akakunja uso, akacheka. "Kweli. Bado ina hasira."

Mwaka wa pili hasira ilipungua. Wa tatu nikapata karafuu, na ngozi ya viatu vipya asubuhi ya Idi. Alionja, akaandika, halafu akasema, "Kaka yangu mjinga." Wa nne ulikuwa bora kuliko yote, nilisikia ukwaju, moshi kidogo wa udi, na kitu chini kabisa ambacho sikukijua jina mpaka leo. Nilirudi kwenye ile bilauri mara ya tatu bila kuombwa. Wa tano nilisikia tende zilizosahauliwa kabatini tangu Ramadhani.

"Inazeeka," nikasema.

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu, Bi."

Barazani waliniita shekhe wa mapipa. Nilicheka nao, lakini ilinichoma. Na kilichonichoma zaidi sikuwaambia. Sikutaka kulewa, wallahi. Nilitaka kujua kama pua yangu inasema kweli. Kila mwaka nilitoa hukumu na kila mwaka mwingine ndiye aliyeihakikisha kwa ulimi wake, mimi nimesimama mikono nyuma. Nikawa nina nusu ya habari. Ilinikosesha raha. Nilipita kuzitazama chupa bila sababu, baada ya sala ya Ijumaa, baada ya sokoni, natoka Mkomani hadi Langoni na kurudi, watu wakidhani nimepoteza kitu. Mke wangu aliona. "Una mdudu wewe," alisema, "siku moya tutamuona."

Mwaka wa sita Mhispania alipata habari za ugonjwa kwao, akaondoka siku ya pili tu baada ya kufungua chupa. Nusu yake ilibaki. Akaniambia niimwage.

Sikuimwaga.

Huku kwetu mtu hahitaji kusoma sana kuijua habari ya siki. Tembo la mnazi ni haramu. Likiachwa likageuka siki lenyewe, ni halali, na wake zetu hulitia katika achari. Nilimwuliza ustadhi wa chuoni, aliyenisomesha Kurani, nikisingizia rafiki. Akatabasamu, maana hakuna aliyekosa kumjua rafiki huyo. Akanieleza kwa utaratibu: ikigeuka yenyewe imetakasika. Ukiitoa juani ukaiweka kivulini, au kivulini ukaiweka juani, haina neno. Lakini ukitia kitu ndani yake ili igeuke, hata punje ya chumvi, haitakasiki. "Mwambie rafiki yako asubiri," alisema.

Kusubiri! Afadhali angeniambia niuhamishe msikiti.

Niliifunga mdomo kwa kitambaa, nikaipandisha darini kwetu, juu ya paa, kwenye kibanda cha makuti anakoanikia mke wangu vitu vyake wakati wa mvua. Asubuhi naitoa juani, mchana naitia kivulini. Jua lenyewe lilikuwa la kuombaomba, masika yalikuwa yamepiga hodi. Kila siku naifungua, nanusa. Divai. Wiki nzima, divai. Ilichoka, ikapoteza zambarau, ikapoteza karafuu, lakini haikugeuka. Niligombana na muuza samaki, nikagombana na fundi wa paa, nikamkemea punda wa watu. Usiniulize nini hasa kiliniharakisha. Mjane hangerudi mpaka mwaka ujao. Nilikuwa nimeuona mlango wa halali, na sikuweza kuutazama ukiwa umefungwa.

Asubuhi moja mke wangu alikwenda kwa dada yake. Jikoni palikuwa na siki yake ya tembo, ile yenye utando juu, anayoitunza tangu tuoane. Nilichota kijiko kimoja, nikapanda nacho darini. Ngazi ni kumi na nane. Ningeweza kugeuka katika ngazi yoyote. Nilikitia, nikatikisa chupa, nikafunga kitambaa, nikashuka nikakiosha kijiko na kukifuta.

Iligeuka. Baada ya wiki chache nilifungua kitambaa na machozi yakanitoka kwa ukali wake, na ndani ya ukali ule zambarau zimerudi, na ule moshi wa udi. Nikaiinua chupa. Ulimi ulikuwa tayari. Hapo ndipo nikaona kwamba siwezi. Niliujua mkono ulioigeuza. Nimeketi vivyo hivyo, chupa kifuani kama mwizi wa kuku, mke wangu akatokea ngazini na ungo wa ndimu za achari.

"Nni hiyo?"

Nikamwambia ni divai ya Mhispania, imegeuka siki.

Akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa makali. "Imegeuka yenyewe?"

"Yenyewe."

Neno moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini wakati unapoianza huuoni mwisho wake. Yeye akaichukua chupa, akanusa, akanitazama, akanusa tena. Akatia ncha ya kidole, akakiweka ulimini. Nilimwona akifumba macho. Nimeishi naye miaka mingi na sikumbuki kumwona amefurahi namna ile kwa kitu kidogo vile.

"Subhanallah," akasema. "Yaani mai haya yalikuwa pombe? Bwana, tazama kazi ya Mngu." Akaonja tena, akaanza kunieleza ladha yake, mimi, kwa raha zote: mwanzo wake, katikati yake, jinsi inavyokaa nyuma ya meno. Alisema yote niliyotaka kuyajua miaka sita. Sikusikia nusu yake.

Binti yetu wa mwisho alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Achari ya mke wangu inajulikana mtaani. Harusi bila achari ile ingekuwa maneno ya watu. Siki yote ya Mhispania aliigawa kidogo kidogo katika ndimu na pilipili, mitungi minne ya kioo, akaipanga darini juani, akaigeuza kila siku. Alimwambia kila aliyekuja kwamba mwaka huu ina siri.

Kuanzia hapo sikulala usingizi wa mtu. Nikimwambia, nimekuwa mwongo mbele yake. Nisipomwambia, nimewalisha watu wa harusi ya mwanangu kitu nisichothubutu kukitia kinywani mwangu mwenyewe. Nilikwenda kwa ustadhi mara mbili na mara mbili nilizungumza habari za bei ya sukari. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ikaja na wageni. Nilijiambia mtungi utavunjika. Nikawatazama hata paka wa darini kwa matumaini.

Siku kumi kabla ya harusi achari iliiva. Mke wangu alipika wali na samaki wa kupaka, akaiweka ile achari pembeni ya sahani yangu, kijiko kizima, rangi yake nyekundu kuliko ilivyopata kuwa. Nikala wali, nikala samaki. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa nimeisogeza achari ukingoni kwa kidole, nikaona mkono wake umesimama.

"Mbona huli achari yangu?"

"Tumbo."

"Tumbo." Akairudia polepole. "Ulipouguwa malaria uliila. Alipokufa babako hukula kitu siku tatu, achari uliila. Leo una tumbo?"

Nilimwambia. Nilimwambia kijiko, ngazi kumi na nane, kitambaa, yote, macho yangu kwenye sahani. Nilitaka anipigie kelele. Ana sauti mke wangu, mtaa mzima unaijua. Akafuta mkono wake kwa leso, kidole kimoja kimoja, na alipomaliza alisema kwa sauti ya chini:

"Ulimi wako umeuhifadhi. Wangu ukauwata uchafuke."

Nikataka kusema kwamba hakujua, kwamba hana dhambi, ustadhi mwenyewe atamwambia hivyo. Nikaanza kusema. Akainua kiganja. "Hayo nayayua," akasema. "Nawe ukayayua, ukatulia ukanitazama nilapo." Mchuma janga hula na wa kwao, nilisikia msemo huo tangu utoto na siku zote nilidhani ni habari ya watu wengine.

Aliishusha mitungi minne mwenyewe, hakutaka msaada wangu, akaimwaga, akaiosha mara saba kana kwamba mbwa ameilamba. Alianza achari nyingine siku ile ile. Siku ya harusi ilikuwa bado mbichi, ndimu ngumu, na wanawake walimtania kwamba mwaka huu amepata haraka gani. Alicheka nao. Hakusema jina langu, na kila alipocheka niliona aibu upya.

Kaskazi ilipoingia Mhispania alirudi. Alipoitoa chupa ya saba chini ya ngazi tuliona mara moja kwamba kizibo kimekauka na kusinyaa kwa joto. Divai ilikuwa imevuja, shingo ya chupa inanata, theluthi imekwenda. Alimimina, akafunika, akaniita. Niliweka mikono nyuma, nikainama.

"Siki, Bi," nikasema. "Imegeuka."

Akaonja, akatema, akacheka kwa huzuni. "Imekufa. Miaka minne ilikuwa inapanda, na mume wangu alikuwa na haki. Lakini hapa imekufa. Imwage."

Hakuna mkono ulioigusa. Hakuna kijiko. Nilimwomba niichukue nyumbani, naye akashangaa lakini akanipa. Nilitembea haraka, nikiwa nimeikumbatia, na sitasema uongo tena: nilikuwa na furaha. Nilidhani nimepewa nafasi ya kurudisha.

Mke wangu alikuwa jikoni. Niliiweka chupa mbele yake, nikamweleza kizibo, joto, kuvuja, kila kitu, mpaka pumzi ikaniishia.

"Yenyewe?" akauliza.

"Yenyewe."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama darini. Akachukua kijiko, akakisukuma kwangu juu ya meza.

"Basi onda wewe kwanda."

Nikamimina, nikaonja. Baada ya miaka saba ulimi wangu ukaijua: ukali, kisha ukwaju, na chini kabisa kile kitu nisichokijua jina. Pua yangu haikuwa imenidanganya hata mara moja. Mke wangu alinitazama koo mpaka nilipomeza.

"Nzuri," nikamwambia. "Nzuri sana. Onja."

"Nimesikia," akasema, hakuigusa chupa, akaondoka kwenda kuosha vyombo.