Shukrani kwa Hamadi

Leo mjomba wangu Hamadi kapigiwa makofi kwa maisha ya bibi yangu.



Mnamkumbuka yule mwandishi wa Kijapani, aliyeacha uuguzi kwao akaandika riwaya? Hii ya sita inahusu wanawake waliokuwa wakichagua karafuu Malindi, hii ya huku Visiwani, miaka ya hamsini. Yote kayapata kwa bibi, ukumbini kwetu, mimi nikitafsiri.

Mwisho akamuuliza bibi amshukuru kwa jina gani.

Bibi, kama wanawake wa umri wake, hakutaja lake.
"Andika Mama Hamadi."

Kitabu kimetoka. Ukurasa wa kwanza: "Shukrani kwa Hamadi na mama yake."

Basi kwenye uzinduzi Hamadi ndiye kawekwa kiti cha mbele. Huyu huyu aliyekuwa akiziita hadithi zile porojo. Anaeleza mikono ilivyokuwa ikinuka karafuu, na miaka hiyo hata hajazaliwa.

Bibi, nyuma kabisa, anapiga makofi. "Mwanangu kapendeza," akaninong'oneza.

Mkalimani nilikuwa mimi. Ningeweza kulitaja jina la bibi siku ile alipoulizwa. Niliona haya.

Anaitwa Mwanakheri binti Makame.

Liandikeni hapo chini, nyote.