Jozi Kumi na Moja za Viatu

Enzi zetu safari haikuanza na ramani wala simu. Ilianza na mkeka. Ukimwona Mama anaukung'uta ule mkeka mkubwa uani, hapa nyumbani Nizwa, Oman, unajua kesho alfajiri tunashika njia ya Sur, na usingizi siku hiyo basi tena. Nyinyi wenzangu mliokulia nyuma ya pikapu, upepo ukawachana nywele bure, hamhitaji kuelezwa. Wa kuelezwa ni hawa wa leo, lakini wana vitu masikioni.

Tulikuwa watu kumi na mmoja kwa magari mawili. Baba na Mama katika gari letu dogo. Ami, mdogo wake Baba, na mkewe katika pikapu. Watoto sita, tuliogawanywa kwa nguvu maana sote tulitaka pikapu. Na Bibi, aliyewazaa Baba na Ami, akihama gari kila kituo, nusu ya njia kwa huyu na nusu kwa yule, asije mmoja akasema mwenzake kapendelewa.

Hoteli hatukuijua. Ukiona mti kivuli chake kinatosha mkeka, umefika. Sinaw tulishuka kununua matikiti maji, na Baba akayagonga yote kwa kidole, moja moja, akiyategea sikio kama daktari, kisha akalirudia lile la kwanza. Baada ya Sur tulilala ufukweni siku mbili tatu, na hakuna aliyetuuliza tumepata ruhusa kwa nani. Tulikula mkate wa kumimina uliolala, samaki wa kukaanga aliyefungwa gazetini, na wali wenye mchanga. Mchanga hatukuulalamikia; Mama alisema unasaidia kutafuna. Michezo ilikuwa nage, na mdako kwa vijiwe vya wadi, ule mto mkavu, tulivyorudi navyo nyumbani mifukoni mpaka mashine ya kufulia ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena.

Sheria ya safari ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Bibi: watu hawahesabiwi. Mashaallah, watoto wazima, unawanyooshea kidole mmoja, wawili, watatu, unaliita jicho. "Wanangu si mbuzi wa soko la Sinaw," akisema. Lakini Baba ni mtu wa hesabu, na kuondoka kituoni bila kuhesabu kulimwasha mwili. Wakapatana: ahesabu viatu. Sote tulivivua pembeni ya mkeka, basi kabla ya mkeka kukunjwa Baba anapita, jozi kumi na moja, tunaondoka. Miaka yote hesabu ile haikukosea.

Mwaka niliotimiza miaka tisa Baba akanikabidhi mimi kazi hiyo. Nilijiona waziri.

Siku ile tulisimama Al Qabil, kwenye shamba la mitende lililokuwa pembeni ya njia. Mwenye shamba, mzee mmoja Mwarabu, akatukaribisha, akakataa hata kusikia habari ya malipo. Ila alisema tukae mpaka adhuhuri tu, maana baada ya hapo zamu yake ya maji ya falaji inaingia, na mfereji ukifunguliwa shamba lote linarowa. Mtu mwingine angeshukuru akakaa. Baba akaanza kubishana bei ya kitu cha bure. Akasema mkeka tutausogeza juu, penye ukingo. Akasema ana mama mtu mzima, jua la adhuhuri halimfai. Mzee akashuka mpaka saa nane. Baba akapanda. Wakafungia laasiri, wakapeana mikono, na Baba akarudi mkekani kifua mbele kama aliyenunua shamba.

Maji yakaja kweli. Yakapita katikati ya mitende, udongo ukawa mweusi, ukatoa ile harufu. Bibi aliinua uso. Alizaliwa Bumbwini, kule Unguja, na hapa Oman kwa miaka mingi alikuwa anakanyaga mawe. Sisi tulikuwa kwenye nage. Hakuna aliyemwona akiinuka, akaacha makubadhi yake pembeni ya mkeka, akaingia kwenye tope miguu mitupu.

Laasiri ilipofika Baba aliharakisha, maana makubaliano ni makubaliano. Nikapita pembeni ya mkeka na kidole changu. Jozi kumi na moja. Nikapiga kelele, "Tayari!" Mkeka ukakunjwa, viatu vikatupwa magarini, tukaondoka. Gari letu lilidhani Bibi yuko kwenye pikapu. Pikapu ilidhani Bibi yuko kwetu.

Tulisimama kutia petroli Bidiyah. Mama akashuka na makubadhi mkononi, ampelekee Bibi kwenye pikapu. Mke wa Ami naye akashuka na kikombe cha chai, amletee Bibi kwetu. Wakakutana katikati, huyu na viatu visivyo na mvaaji, yule na chai isiyo na mnywaji. Wakatazamana. Chai ikamwagika yote.

Baba akarudi kwenye usukani. Aligeuza gari, na mimi kiti cha nyuma nikawa nahesabu upya kichwani, nikipata kumi na moja kila mara, na kila mara nikizidi kuogopa. Kiarabu cha Bibi kilikuwa salamu na dua. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali. Mifereji ya falaji ina mahali inapozama chini ya ardhi, na siku hiyo maji yalikuwa mengi. Ami alikuwa nyuma yetu akipiga honi bila sababu.

Tulimkuta amekaa ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, pembeni yake mke wa mwenye shamba na sahani ya tende. Yule mama hajui neno la Kiswahili, na walikuwa wanazungumza. Baba akapiga magoti topeni na nguo yake nyeupe, akambusu mkono, akambusu kichwa. Bibi akamwambia asijichafue, Mama atapata taabu kufua. Mimi nilijificha nyuma ya mtende. Akaniita.

"Viatu umevihesabu, mjukuu wangu," akasema. "Miguu je?"

Wote wakacheka, nami nikalia. Akanishika mkono tukaenda garini, na mkono wake ulikuwa wa baridi, na hakuniachia mpaka Sur. Hilo hakumwambia mtu, na mimi sikumwambia mtu.

Kutoka siku ile Baba alitaka kuhesabu watu, Bibi akakataa. Wakabishana njia nzima. Mwisho Bibi akakubali miguu, maana mguu si mtu. Basi tukawa tunahesabiwa mara mbili: viatu kwanza, kisha miguu, ishirini na miwili.

Siku hizi wanangu wanasafiri na simu inayowaonyesha kila mmoja ni nukta gani kwenye ramani. Hakuna anayepotea, na hakuna anayeshuka garini. Pa kulala wanapanga mwezi mmoja kabla, wakisoma kwanza watu wamesemaje kuhusu choo. Kiti cha kukunja kila mtu na chake, viatu havivuliwi, mimi nihesabu nini?

Baridi iliyopita niliwalazimisha. Nikatandika mkeka pembeni ya njia karibu na Al Qabil, nikamkalisha Baba, ambaye sasa kumbukumbu zake zinaingia na kutoka bila kubisha hodi. Tulikuwa wanane. Wakavua viatu, nashukuru. Wakati wa kuondoka Baba akainua kidole chake, akahesabu viatu taratibu, kisha miguu. Akatikisa kichwa.

"Bado miguu miwili," akasema. "Mama yangu hajarudi kutoka mferejini."

Binti yangu akafungua mdomo, na simu mkononi. Nikamkonyeza, akaitia simu mfukoni.

"Tumngoje mpaka lini, Baba?" nikauliza.

Akatazama jua lilipofika. "Mpaka laasiri."

Mimi ambaye kwa kubishana bei wauza mbuzi wa Nizwa wakiniona wanaanza kupanga kisingizio, sikupunguza hata dakika moja. Nikavua viatu tena, nikakaa.