Mistari Tisa na Neno la Siri

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, karani wa masjala ya zahanati moja alituma mistari tisa ya msimbo wa kompyuta kwa watu asiowajua. Rekodi ya saa hiyo bado iko mtandaoni, na yeyote anaweza kuiona.

Ana miaka thelathini na minne. Wenzake humwita Mama Faili, kwa kuwa hukumbuka namba za wagonjwa kuliko sura zao. Programu inayotunza kumbukumbu za zahanati ni programu huria: huandikwa na watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kupendekeza marekebisho. Ilikuwa na kasoro moja. Ilikula sifuri ya mwanzo, hata mgonjwa namba 0417 akafunguliwa faili la 417, mtu mwingine kabisa. Mama Faili alilalamika mwaka mzima bila kusikilizwa. Kisha akajifunza kuandika msimbo, miezi minane, kwenye simu, sufuria ikiwa jikoni, akaiziba kasoro mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini. Liliandikwa na msimamizi wa mradi, ambaye wanachama humwita Kinyozi kwa jinsi anavyokata kazi za watu. Safari hii hakukata hata mstari. Aliuliza tu kama lile faili la mipangilio, linaloiunganisha programu na kumbukumbu, lililoambatana na marekebisho ni la mfano au la kweli.

Lilikuwa la kweli. Ndani yake mlikuwa na neno la siri linalofungua kumbukumbu za wagonjwa wote.

Mama Faili alilifuta, akatuma upya, akaandika kwamba yamekwisha.

"Hayajaisha, dada," Kinyozi alijibu. "Hapa kila hatua inahifadhiwa, hata ya kufuta. Nimeificha kwa sasa, lakini huenda kuna mtu ameshanakili. Badilisheni neno la siri sasa hivi."

Anayeweza kulibadilisha ni daktari mkuu peke yake.

Fundi wa maabara, shoga yake wa miaka mingi, alimshauri afunge mdomo. Nani hapa anasoma mambo hayo, alisema. Daktari mkuu mwenyewe huomba msaada kuwasha printa. Mama Faili hakucheka. Alikuwa akimfikiria jirani yake mmoja ambaye huchukua dawa kwa mlango wa nyuma ili mashemeji wasijue. Jina lake limo humo.

Alienda hadi mlango wa daktari mkuu, akarudi mezani, akaenda tena. Safari ya tatu daktari alikuwa anatoka.

"Unamsubiri nani?"

"Wewe, daktari. Neno la siri la kumbukumbu za wagonjwa liko hadharani. Nimelitoa mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nne."

Ilikuwa inakaribia saa sita. Daktari alirudi ndani, akaketi, akalibadilisha kwa kidole kimoja huku karani akimwelekeza, wakakosea mara mbili. Kisha akauliza nani alimruhusu kuigusa programu. Hakuna aliyemruhusu.

"Kazi yako ni kutunza mafaili, mama," alisema. "Sasa sijui kama unayo."

Alisema taratibu, na hilo lilimtisha kuliko kama angefokewa.

Alasiri Kinyozi alimwomba atume ile mistari tisa peke yake, iingie kwenye toleo jipya. Aliuliza pia kama angependa kutumia jina la kubuni. Wapo wanaofanya hivyo, na hakuna anayewauliza. Mama Faili aliandika jina la kubuni, akalitazama, akalifuta. Daktari mkuu alikuwa ameshaambiwa. Hakuna aliyebaki wa kumficha. Aliweka jina lake kamili na kutuma.

Alhamisi saa tatu asubuhi ataketi mbele ya kamati ya zahanati na barua ya maelezo. Fundi wa kompyuta aliyeitwa na daktari ataleta ripoti inayoonyesha kama kuna mtu aliingia kwenye kumbukumbu kati ya saa nne na saa sita.