Nilimwambia wifi yangu wa Himo kwamba sabuni yangu inatoka Nairobi

Wakuu, habari za jioni. Ninayoandika ni kweli tupu, na wanaonifahamu humu naomba wajifanye hawanifahamu.

Kwa muda mrefu nimekana kwamba sabuni ya maji iliyoko jikoni kwangu, hapa Shirimatunda, naitengeneza mwenyewe. Nilikana kwa majirani na kwa wageni. Hata mume wangu nilimkania, mpaka aliponikuta na ndoo.

Ilianza mradi niliokuwa nafanyia kazi ulipofungwa. Mume wangu ni mwalimu, tukabaki na mshahara mmoja. Mimi na digrii zangu mbili tukakaa chini tukaangalia video za kutengeneza sabuni.

Nikanunua mjini kemikali za sabuni, yaani sulphonic, ungarol na soda ash, pamoja na chumvi na manukato ya limao. Nikakoroga upande mmoja tu kama nilivyoelekezwa, sababu siijui mpaka leo.

Mara ya kwanza nilizidisha chumvi, sabuni ikawa maji. Sikumwaga, tuliipigia deki mpaka ikaisha. Ya pili ikatoka nzito kama mtori.

(Pembeni kidogo: vaa glavu, fungua madirisha, na usithubutu kuichanganya na dawa ya madoa.)

Tangu hapo vyombo, sakafu na choo vyote vinasafishwa kwa ndoo yangu, na hela iliyokuwa ya sabuni inanunua mafuta ya kula.

Shida ilikuwa kuona haya. Mchagga anayeona haya kubana matumizi, hilo peke yake ni uzi mwingine.

Nikatafuta chupa nzuri ya kuficha siri. Kabatini kulikuwa na moja ya zamani ya sabuni ya Kenya, sikumbuki hata ilifikaje. Nikaijaza, nikaiweka kwenye sinki.

Sasa mjue wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, ana duka Himo karibu na stendi, anauza bidhaa za Kenya. Tangu mradi ufungwe alikuwa anatutumia ndizi mshare na maziwa kutoka nyumbani Marangu, bila kuuliza chochote. Ukimshukuru anasema, "Ndizi zimekomaa zote kwa pamoja, mlitaka nizipeleke wapi?"

Siku moja akaja, akaosha vikombe, akanusa mikono yake.

"Wifi, sabuni hii umeitoa wapi?"

"Nairobi," nikasema.

Wakuu, fikirieni nilikuwa namwambia nani.

Akaitazama chupa. "Nairobi pazuri," akasema, akaomba nimpimie kidogo aondoke nayo.

Baada ya muda akapiga simu. Kuna mama mwenye nyumba ya wageni Marangu ameipenda, anaitaka kwa vyumba vyote.

"Alhamisi napanda basi naifuata," akasema. "We msomi nitajie tu duka."

Nikasema nitamtumia jina.

Nikinyamaza, atapoteza nauli na siku nzima ya duka, na huenda na mteja. Nikisema, nimekiri kwamba nilimdanganya mtu aliyekuwa anatulisha. Na Krismasi, ukoo mzima ukipanda nyumbani Marangu, kila mtu atajua msomi wao anakoroga ndoo.

"Mwambie," mume wangu akasema.

"Mwambie wewe, ni dada yako."

"Dada ni wangu. Sabuni ni yako." Akarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha.

Nikaandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta.

Somo nalitoa hapa kabla sijafika kwenye simu ya Alhamisi, kwa sababu baada ya simu sina cha kuongeza. Sabuni ya nyumbani inaokoa hela kweli, jaribuni. Ila kazi kubwa haikuwa kukoroga, ilikuwa kuficha. Na ukipata mtu anayekusitiri bila kukuuliza, mshukuru angali anasikia. Mwenye dawa ya kuzuia sabuni isiwe nyepesi atuwekee hapo chini, na mwenye wifi kama wangu naye aseme.

Alhamisi asubuhi simu ikaita.

"Wifi, niko stendi Himo. Kondakta ananishikia mlango. Nipande au nisipande?"

Honi zilikuwa zinasikika nyuma yake.

"Usipande," nikasema. "Naitengeneza mimi. Kwenye ndoo."

Nikamsikia akimwambia mtu, "Mama, chenji yako hiyo."

"Wifi, uko dukani?"

"Sasa ulitaka niwe wapi? Chupa hiyo nilikupa mimi ulipoolewa. Sabuni yake hata Kenya kwenyewe haipo siku hizi. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nikaanza kulia.

"Haya, msomi, acha kulia. Yule mama anataka dumu lake Jumamosi, na iwe nzito hivyo hivyo. Ndizi nitaendelea kuzituma. Hizo hazihusiani na sabuni."